Uko Wapi? Wasomaji wauliza kuhusu dhambi na kurudi nyuma

Maswali tuliyopata safari hii kutoka Arusha na Moshi yanafanana kuliko waandikaji wenyewe wanavyodhani. Mmoja anauliza juu ya mtoto mchanga, mwingine juu ya gunia la viazi, lakini wote wanazunguka lile swali la kwanza ambalo Mungu alimwuliza mtu baada ya kuanguka, Mwanzo 3:9: "Uko wapi?" Majina tumeyaondoa, mahali tumepaacha.

Mama, Ngaramtoni, Arusha: *Bwana Yesu asifiwe, watumishi. Mwanangu ana miezi saba. Siku ya ubatizo wa watoto mchungaji alisema wamezaliwa na dhambi. Mama mkwe akadakia kwamba ukoo wetu una laana, twende kwa nabii fulani, na kuna sadaka ya kufungua. Mtoto ambaye hata kutambaa hajaanza amekosa nini?*

Amina, mama. Mtoto wako hajatenda kosa lolote, na mchungaji wako ukimuuliza vizuri atakwambia hivyohivyo. Kanisa linaita jambo hili dhambi ya asili, na shida inaanza pale tunaposikia neno "dhambi" tukaelewa "tendo".

Wewe uko Ngaramtoni, basi tazama meno ya watu wengi waliokulia miteremko ya Meru. Maji ya sehemu nyingi za huko yana floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisizidishwe. Ukiyatia kwenye glasi ni maangavu, hayanuki, na mtoto hakuyachagua. Doa la meno hayo linaingia wakati jino bado linajengeka ndani ya fizi. Siku jino linapochomoza, linatoka na doa lake. Kuchemsha maji hakusaidii kitu, maana mvuke unaondoka na floraidi inabaki sufuriani, tena imekolea zaidi. Ndivyo ilivyo dhambi ya asili: imemtangulia mtu kabla hajachagua chochote, ni yake kweli, na haimtoki kwa kujitahidi kwake mwenyewe.

Lakini mfano huo una mahali unapoishia. Doa ni kitu kilichoongezeka kwenye jino, wakati dhambi ya asili ni kitu kilichokosekana ndani ya mtu. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, tamko la imani la Walutheri ambalo KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) inalishika, linasema katika kifungu cha 2 kwamba wanadamu wanazaliwa bila kumcha Mungu, bila kumtumaini, na wakiwa na tamaa. Soma kwa mpangilio huo huo. Kwanza limetajwa lile lililokatika kati ya mtu na Mungu, ndipo tamaa ikafuata. Wakatoliki nao katika Katekisimu yao wanaeleza kwamba dhambi hii imepokelewa, haikutendwa. Ni hali, wala si kitendo. Waorthodoksi wanakazia kwamba tulichorithi kwa Adamu ni mauti na udhaifu, hatia yake ilibaki yake. Mjadala ni wa kale: Augustino, askofu wa Hippo (354–430), alipingana na Pelagius, aliyefundisha kwamba kila mtu anazaliwa akiwa kama Adamu kabla ya kuanguka, na mtaguso wa Karthago wa mwaka 418 ukayakataa mafundisho ya Pelagius. Na Daudi anaposema katika Zaburi 51:5 kwamba mama yake alimchukua mimba hatiani, hawatukani wazazi wake wala haiiti ndoa yao chafu. Anakiri kwamba akirudi nyuma maishani mwake hadi mwanzo kabisa, haoni siku ambayo moyo wake ulikuwa umenyooka.

Sasa ile sadaka ya kufungua: usitoe hata shilingi moja. Hali ya Adamu ni ya wanadamu wote, haina ukoo maalumu, kwa hiyo hakuna ukoo unaoweza kuuziwa dawa yake. Ezekieli 18:20 inasema wazi kwamba mwana hatauchukua uovu wa baba yake, na Wagalatia 3:13 inasema Kristo ndiye aliyetukomboa katika laana. Hakubakiza deni la kulipia kwa nabii. Kama katika ukoo wenu kuna ulevi, au ugomvi wa mashamba unaorudi kila kizazi, hilo ni la kweli na linaumiza. Liiteni kwa jina lake na mlikalie kikao. Ulevi una matibabu yake hospitalini, ugomvi wa shamba una wazee na baraza lake. Mtoto mpeleke kubatizwa au kuombewa kwa utaratibu wa kanisa lenu, bure.

Dereva wa bodaboda, Majengo, Moshi: *Sijaua, siibi, mke wa mtu simgusi. Kila nikienda kanisani naambiwa mimi mwenye dhambi. Dhambi ipi hasa?*

Swali zuri, ndugu yetu, na wahubiri wengi hawalijibu. Kiebrania cha Agano la Kale kina maneno kadhaa pale ambapo sisi tunatumia "dhambi" tu, na matatu yako pamoja mwanzoni mwa Zaburi 51. La kwanza, *pesha*, ni kuasi, kama raia wanavyomkana mfalme wao. Ndilo neno la 1 Wafalme 12:19 makabila ya Israeli yalipoiasi nyumba ya Daudi. La pili, *avon*, lina maana ya kupinda, kama msumari uliogongwa vibaya. La tatu, *khata*, ni kukosa shabaha. Waamuzi 20:16 inataja watu 700 wa mkono wa kushoto waliotupa jiwe kwa teo, yaani kombeo, kuulenga unywele "asikose". Hilo "kukosa" ni neno lilelile la dhambi.

Wewe umejipima kwa makosa uliyoyaepuka. Teo halipimwi hivyo. Mtu anayetupa mawe siku nzima bila kumjeruhi yeyote bado anaweza kuwa hajagusa shabaha hata mara moja, na shabaha ya mtu ni kumpenda Mungu kwa moyo wote na jirani kama nafsi yake.

Yeremia 2:13 inasema watu wa Mungu wametenda maovu mawili: wamemwacha yeye aliye chemchemi ya maji ya uzima, na wamejichimbia mabirika yavujayo. Tafuta kuua hapo, tafuta kuiba, hutaviona. Birika la nchi ile lilichongwa kwenye mwamba wa chokaa, likapakwa lipu, likangoja mvua. Lipu ikipata ufa, maji yanapotea ardhini kimyakimya na mwenyewe anagundua wakati wa kiangazi. Mtu wa Moshi anajua kinyume chake. Chemchemi kama Nsere na Shiri hazingoji mvua ya jana, zinatoka zenyewe, na mji unakunywa. Kuiacha hiyo ukachimba shimo lako ni kazi kubwa zaidi, siyo ndogo. Ndiyo maana maisha ya kumkimbia Mungu yanachosha hata pale ambapo hayana kashfa.

Jipime hivi, kwa siku saba. Kila usiku ukishalaza pikipiki jiulize: leo nilipopata hofu, mkono wangu wa kwanza ulishika nini? Martin Luther, akieleza amri ya kwanza katika Katekisimu Kubwa ya 1529, alisema kwamba kile ambacho moyo wako unakishikilia na kukitegemea, hicho ndicho mungu wako hasa. Andika jibu neno moja tu kila siku: pesa, pombe, kubeti, demu, sifa, hasira. Siku ya nane soma orodha yako. Hutahitaji mhubiri akuambie dhambi ipi.

Mfanyabiashara, Soko la Kilombero, Arusha: *Nimeokoka miezi miwili iliyopita. Nilikuwa nanunua viazi kwa wakulima kwa lumbesa, gunia limejazwa kupita kipimo. Nimetubu kwa Mungu. Yatosha?*

Kwa msamaha wa Mungu, ulipotubu kwa imani umesamehewa, usirudi kulitia shaka hilo. Kwa mkulima, bado. Amosi 8:5 inawakemea wafanyabiashara wanaopunguza efa na kuongeza shekeli, yaani wanaochezea kipimo cha bidhaa na kipimo cha fedha. Lumbesa ni efa iliyopanuliwa upande wa mnunuzi, na imekatazwa hata na sheria ya nchi.

Torati ina hesabu kamili. Hesabu 5:6-7 na mwanzo wa Walawi 6 zinasema aliyedhulumu akiri, arudishe mali yote, na aongeze sehemu ya tano. Chukua mkulima mmoja uliyemnunulia magunia 40, kila gunia likazidi kwa kilo 30. Hizo ni kilo 1,200 alizokupa bure. Kama bei ilikuwa shilingi 600 kwa kilo, ulimdhulumu 720,000, sehemu ya tano ni 144,000, mpeleke 864,000. Zakayo mtoza ushuru alijiwekea zaidi, mara nne (Luka 19:8), ambacho ndicho kiwango cha Kutoka 22:1 kwa kondoo aliyeibwa kisha akachinjwa au kuuzwa. Wewe hulazimiki kumfikia Zakayo.

Watu wanakosea sehemu tatu hapa. Wengine wanapeleka fedha kanisani badala ya kwa mkulima, kwa sababu kanisani kuna makofi. Hesabu 5:8 inaruhusu malipo kwenda kwa kuhani pale tu ambapo aliyedhulumiwa hayupo na hana jamaa wa kupokea. Wengine wanatuma kwa simu bila maneno, mkulima anadhani ni fedha iliyokosewa namba. Nenda, au piga simu useme: "Mzee, shikamoo. Yale magunia niliyonunua kwako nilikupunja. Hii ni haki yako, nisamehe." Wa tatu wanataka kulipa wote kwa mkupuo, mtaji unakufa, mwezi wa pili wanarudi kwenye lumbesa. Panga. Orodhesha majina unayoyakumbuka, anza na maskini zaidi, toa kiasi kilekile kila mwezi hadi orodha iishe. Na tangu leo nunua kwa mizani, hata kama wenzako sokoni watakucheka. Bila hilo, malipo ya nyuma ni kujifariji tu.

Aliyekuwa mwanakwaya, Machame: *Watumishi, shikamooni. Nilikuwa naimba kwaya ya usharika. Nilianza kukosa mazoezi, kisha ibada, kisha nikahamia kwa mwenzangu bila ndoa. Sasa ni miaka minne na tuna mtoto. Nataka kurudi ila naona aibu, naogopa kusimamishwa mbele ya watu. Na sijui nilianzia wapi kupotea.*

Marahaba, dada yetu. Tuanze na hilo la mwisho, maana ndilo lenye faida kubwa.

Fungua Luka 22 na umfuate Petro mstari kwa mstari. Mstari wa 33 anasema yuko tayari kwenda na Yesu gerezani na hata kifoni. Mstari wa 45 amelala wakati ameambiwa aombe. Mstari wa 54 anamfuata Yesu "kwa mbali". Mstari wa 55 ameketi motoni, katikati ya watu wa ua ule. Kukana kunaanza mstari wa 57. Ona basi kwamba kabla kinywa hakijasema "simjui", miguu ilikuwa imeshapunguza mwendo, na kabla ya miguu, maombi yalikuwa yamelala. Kurudi nyuma kuna mfuatano, na lile tendo ambalo kijiji kinalisema huwa ni la mwisho katika mfuatano huo. Yakobo 1:14-15 anaueleza kama ujauzito: tamaa inavuta, inachukua mimba, inazaa dhambi, nayo ikikomaa inazaa mauti. Kwako, kuhamia kwa mwenzako ndiko kuzaa. Mimba ilitungwa huko nyuma, pengine jioni ile ya kwanza uliyosema "leo nimechoka" na hukuwa umechoka.

Ufunuo 2:5 inalipa kanisa la Efeso vitenzi vitatu, na tunakushauri uvichukue kwa zamu bila kuruka.

*Kumbuka ni wapi ulikoanguka.* Tafuta saa moja mtoto akiwa amelala. Chukua karatasi, andika kilichotokea kwa majina yake: nini, lini, nani aliumia. "Nimekosa mengi, Bwana" haitoshi. Ni kama kwenda zahanati ukasema "naumwa mwili". Zaburi 32:3-5 inaonyesha tofauti: Daudi aliponyamaza mifupa yake ilichakaa, alipotaja dhambi akasamehewa. Ukurasa mmoja unatosha. Ukizidi hapo, mara nyingi mtu ameanza kuandika makosa ya wengine.

*Ukatubu.* Neno toba limetujia kutoka Kiarabu, na huko asili yake ni kurudi. Kiebrania nacho kinasema *shuv*, rudi, kama mtu anavyogeuka njiani. Machozi yanaweza kuwapo au yasiwepo. Soma karatasi yako mbele za Mungu kwa sauti, kisha soma 1 Yohana 1:9 kwa sauti ileile, uichane karatasi. Usingoje "kusikia kitu" moyoni. Mwana mpotevu wa Luka 15 aliandaa hotuba ya sehemu tatu: nimekosa, sistahili kuitwa mwana, nifanye kama mtumishi wako. Linganisha mstari wa 18-19 na wa 21: alipofika alisema mbili tu. Ile ya utumishi hakuifikia, baba alikuwa ameshaagiza vazi. Wewe nawe una hiyo sehemu ya tatu mfukoni, unataka kurudi kama mtu wa daraja la pili. Iache njiani.

*Ukayafanye matendo ya kwanza.* Ya kwanza, yaani madogo. Dakika kumi asubuhi, simu ikiwa chumba kingine. Injili ya Marko ina sura 16; sura moja kwa siku, siku kumi na sita umemaliza. Usirudi kwaya mara moja hata wakikuita. Sauti inarudi mapema kuliko mzizi, na wengi wanaanguka mara ya pili wakiwa wamevaa joho.

Jumapili ya kwanza usiende peke yako. Anayekwenda peke yake hukaa benchi la nyuma, hutoka kabla ya baraka, na Jumapili inayofuata hana aliyemngoja. Mwombe mama mmoja wa jumuiya akupitie nyumbani.

Kuhusu kurudi kundini: taratibu zinatofautiana kidogo usharika hadi usharika, lakini kwa kawaida unaanza na mzee wa kanisa wa mtaa wako, anakupeleka kwa mchungaji, mnazungumza faragha, mnapanga kubariki ndoa kama mwenzako yuko tayari, ndipo unapokelewa tena kwenye Meza ya Bwana. Omba waziwazi kwamba wewe na mwenzako mpokelewe pamoja. Hapa tuseme lililo moyoni: tunaumia tunapoona binti amesimama mbele ya madhabahu huku aliyempa mimba amekaa besi kwenye kwaya. Hiyo si nidhamu ya kanisa, ni kumwadhibu aliyeonekana tumbo. Mpelekee mchungaji wako hoja hii kwa heshima, wengi wanaielewa. Na kama mwenzako hataki ndoa kabisa, mwambie mchungaji hivyo pia kabla ya kupanga tarehe yoyote. Matunzo ya mtoto yazungumzwe siku hiyohiyo, kwa sababu mtoto hakuasi.

Ukianguka wiki ya tatu, na huenda ukaanguka, usihesabu kwamba ulikuwa unaigiza. Mithali 24:16 inasema mwenye haki huanguka mara saba, akaondoka tena. Petro huyohuyo alikana karibu na moto wa makaa (Yohana 18:18), na Yesu akamngoja ufukweni karibu na moto wa makaa mwingine (Yohana 21:9), na samaki wakiwa juu yake. Katika Agano Jipya lote neno hilo la Kigiriki la moto wa makaa liko sehemu hizo mbili tu. Akamuuliza mara tatu kama anampenda. Hakumuuliza hata mara moja kwa nini alikana.

Dada, Sakina, Arusha: *Nikiwa na hasira nilisema maneno mabaya juu ya Roho Mtakatifu. Nimesoma kwamba haisameheki. Silali.*

Dada, soma Marko 3:28-30 hadi mstari wa mwisho. Yesu alisema hayo kwa waandishi, yaani walimu wa sheria, waliokuwa wakiona watu wanaponywa mbele yao, wakatangaza kwa makusudi kwamba kazi ile ni ya Beelzebuli, mkuu wa pepo. Marko anaongeza sababu: "kwa vile walivyosema, Ana pepo mchafu." Ni moyo uliomwona Roho akifanya kazi, ukamwita shetani, ukakaa hapo. Neno lililoponyoka kwa hasira, likakunyima usingizi kwa majuto, si hilo. Majuto hayo yenyewe ni kazi ya Roho unayedhani amekuacha. Kama wazo linajirudia mara nyingi kwa siku bila wewe kutaka, na linakutesa hata baada ya kuombewa, muone pia daktari wa afya ya akili. Wasiwasi wa namna hiyo unatibika, na kwenda hospitali hakupunguzi imani.

Mzee, Kibosho: *Tumsifu Yesu Kristo. Sisi Wachagga aliyekosa akija na jani la isale, huwezi kumkatalia msamaha. Vijana wetu wa maombi wanasema ni upagani. Mnasemaje?*

Milele, amina. Shikamoo, mzee. Isale ni mmea tu, uleule unaopandwa mipakani mwa kihamba, shamba la nyumbani la ukoo, na penye makaburi ya wazee. Kinachopimwa ni kile mtu anachokisema kwa kulibeba. Kama analipeleka kwa mizimu pamoja na kumwaga mbege, pombe ya ndizi, ili wasidhuru, hapo ameomba ulinzi mahali pasipo pake, na vijana wana haki ya kusimama. Lakini akilibeba kwa jirani aliyemkosea, akaingia uani kwake akiwa ameinamisha kichwa, ametimiza kile ambacho Mathayo 5:23-24 inadai kabla ya sadaka kuwekwa madhabahuni: patana kwanza na ndugu yako. Tungependa waumini wengi zaidi wapande na kushuka mlima huo wakiwa na jani mkononi. Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyekaa miaka mingi Old Moshi, alishikilia kwamba vifungo vya ukoo na ujirani wa Wachagga ni udongo mzuri kwa kanisa, na kwa hili tunakubaliana naye.

Kuna kitu kimoja ambacho isale haiwezi kukionyesha, na tunaomba uwaeleze vijana hicho badala ya kubishana nao. Kwa desturi, mkosaji ndiye anayelichuma jani. Aliyekosewa anakaa nyumbani kwake anangoja, na ni haki yake. Soma sasa 2 Wakorintho 5:19-20. Aliyekosewa ndiye aliyetoka nje. Mungu alikuwa ndani ya Kristo akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake, na mitume wanasimama kwenye ua wetu sisi wakosaji, wakituomba tupatanishwe. Mzee wa Kibosho anajua uzito wa jambo hilo kuliko mtu aliyesoma vitabu tu: tajiri wa kihamba, aliyeibiwa, anateremka mwenyewe na isale hadi kwa mwizi.

Mume na baba, Himo: *Nina dhambi ya uzinzi. Nikiungama, mke wangu ataambiwa? Na je, nimwambie mwenyewe?*

Kwa padri, ndani ya sakramenti ya kitubio, siri haivunjwi kwa sababu yoyote. Kanuni ya 983 ya sheria za Kanisa Katoliki inaikataza kabisa, na padri anayeivunja moja kwa moja anatengwa na Kanisa papo hapo. Mchungaji wa Kilutheri naye anafungwa na siri ya maungamo. Ila sema mapema, kabla hujaanza: "Mchungaji, nimekuja kuungama," ili yajulikane si mazungumzo ya kawaida. Katekisimu Ndogo ya Luther inasema mbele ya Mungu tunakiri hata dhambi tusizozijua, lakini mbele ya mchungaji zile tu tunazozijua na kuzisikia moyoni. Kwa hiyo usiende na hotuba ya maisha yote. Mwisho wa maungamo usiondoke kabla hujasikia tamko la msamaha. Luther anahesabu maungamo kuwa na sehemu mbili, kukiri na kupokea, na wanaume wengi wanakimbia baada ya ile ya kwanza. Wazee wa kanisa, viongozi wa jumuiya na kikundi cha maombi si mahali pa siri ya namna hii, hata wakiwa watu wema.

Mkeo: kabla ya lolote, uhusiano ule ukatike kabisa, namba ifutwe, na upime virusi vya Ukimwi na magonjwa mengine ya zinaa. Hadi majibu yatoke usilale naye bila kinga, na akiuliza kwa nini, usimdanganye. Kama kuna hatari ya kiafya, au kuna mtoto nje, ana haki ya kujua na hilo halina mjadala. Nje ya hayo, amua pamoja na padri au mchungaji wako lini na kwa namna gani, kwa sababu wako wanaokiri kwa mke ili mzigo utoke kwao na kumwangukia yeye. Ukimwambia, mwambie yote mara moja. Ukweli unaotolewa vipande vipande kila mwezi unaua kuliko kosa lenyewe. Usianze na shetani, usianze na pombe, wala na "wewe ulikuwa umenisusa". Adamu alipoulizwa pale bustanini alianza na "huyo mwanamke uliyenipa" (Mwanzo 3:12). Wewe anza na "mimi".